Masaji bila kumuumiza mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekanda watu Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa miaka 16. Mwanzoni nilizunguka nyumba kwa nyumba na mafuta kwenye kikapu. Sasa nina chumba kimoja huku Nguba, chenye kitanda, dirisha, na mbabula, yaani jiko la makaa, ya kupashia maji umeme unapokatika. Vijana wanaojifunza kwangu huuliza maswali, na wateja nao wana yao. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Makosa niliyoyaona katika kazi hii, na yangu yamo, karibu yote yalianza kabla mkono haujagusa ngozi: kulikuwa na swali la kuuliza, na hakuna aliyeliuliza.

Mtu amekuja na maumivu ya mgongo tu. Kweli nimuulize maswali yote hayo?

Yote, hata kama ni jirani yako, hata kama ulimkanda mwezi uliopita. Ni dakika kumi. Keti naye, nyote kwenye viti, akiwa bado na nguo zake. Mtu aliyekwisha kuvua na kulala hujibu upesi upesi ili uanze.

Muulize maumivu yalianza lini na alikuwa akifanya nini. Yanabaki mahali pamoja au yanashuka mguuni? Usiku yanamwamsha? Anakunywa dawa gani? Hili la dawa wengi hulipuuza. Aliyemeza kidonge cha maumivu asubuhi hatakuambia ukimbinya kupita kiasi, kwa sababu hasikii vizuri. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda atatoka kwako na madoa meusi mgongoni hata kama ulimshika kwa upole. Kisha uliza kama aliwahi kupasuliwa, kama amelazwa hivi karibuni, kama ana presha, sukari, ugonjwa wa moyo, au kama ni mtu wa SS, yaani mwenye ugonjwa wa selimundu. Mwanamke wa umri wa kuzaa muulize kama huenda ana mimba, na umuulize mkiwa wawili tu. Msichana mmoja alinijibu "hapana" shangazi yake akiwa ameketi pale pale. Shangazi alipotoka kupokea simu, akanishika mkono na kuniambia ni miezi mitatu.

Majibu yaandike kwenye fishi, yaani kadi ya mteja, hata daftari la shule linatosha. Kichwa husahau, hasa siku ya wateja sita.

Mteja anasema "mshipa umeshikana". Nianzie wapi?

Anzia kwa kumwambia: "Mama, nionyeshe kwa kidole kimoja." Lugha yetu ni tajiri, lakini neno mshipa limebeba mizigo mingi. Kwa mmoja ni msuli wa bega uliokaza. Kwa mwingine ni mshipa wa damu uliotuna mguuni. Kwa wa tatu ni neva inayochoma kama moto kutoka kiunoni hadi kidole gumba cha mguu. Na kuna wazee ambao wakisema mshipa wanamaanisha ngiri, nao wanaona haya kulitaja jina lenyewe. Hao wanne hawakandwi kwa namna moja, na wengine wao hawakandwi kabisa.

Neno "kiuno" nalo ni hivyo hivyo. Anaweza kusema kiuno, na kinachouma ni figo. Figo ikiwa na maambukizi huja na homa, maumivu ya upande mmoja chini ya mbavu, na mkojo unaochoma. Huyo anahitaji maabara.

Na anayesema "mwili mzima unaniuma"?

Weka kipimajoto kwapani kabla ya kuweka mafuta mkononi. Viungo vyote vikiuma, kichwa kikigonga na mwili ukitetemeka, kwanza fikiria malaria. Baridi ya Bukavu isikudanganye, kwa sababu watu husafiri kila wiki kwenda Uvira na Kamituga na kurudi nayo. Ukiona joto la 38 au zaidi, hakuna masaji siku hiyo. Atapoteza saa moja kitandani kwako, saa ambayo angeitumia kupima damu, na atarudi nyumbani akidhani ametibiwa.

Mguu mmoja umevimba. Kuusugua si ndiko kunashusha uvimbe?

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu hili laweza kuua mtu mikononi mwako.

Damu inaweza kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu, ndani kabisa chini ya misuli, mahali ambapo jicho halifiki. Hutokea zaidi kwa mtu aliyelala kitandani siku nyingi, aliyepasuliwa, aliyefungwa plasta, aliyekaa kwenye lori au basi siku nzima bila kunyoosha miguu, mwenye mimba, aliyejifungua wiki chache zilizopita, na kwa baadhi ya wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi. Dalili zake ni hizi: mguu mmoja umevimba na mwingine haukuvimba, shavu la mguu linauma na ni la moto, na ngozi huwa imevutika au imebadilika rangi. Ukikanda pale, kipande cha damu iliyoganda kinaweza kung'oka, kikapanda na damu hadi kwenye moyo, na kutoka hapo kikaziba mshipa wa mapafu. Mtu huanza kukosa pumzi ghafla, kifua kinauma, anaweza kukohoa damu. Wengine hufa kabla gari halijapatikana.

Alikuja kwangu papa mmoja, dereva wa lori, aliyekuwa ametoka safari ya siku mbili. Alitaka nimkande shavu la mguu wa kushoto, na alisema ni uchovu wa klachi. Nilizungusha kamba ya kupimia ya fundi cherehani kwenye miguu yote miwili, mahali palepale chini ya goti. Wa kushoto ulizidi kwa sentimeta nne. Nikaweka mgongo wa kiganja changu juu yake, nikausikia ulivyo wa moto. Nilimwambia: "Papa, leo sikukandi. Twende hospitali." Alikasirika sana, akaniita mvivu. Hospitalini walimlaza.

Kamba ile bado ninayo, imening'inia kwenye msumari karibu na mlango. Nunua ya kwako, ni rahisi kuliko chupa ya mafuta. Lakini usisubiri kamba ikupe ruhusa. Historia yake na mguu wa moto vinatosha kukuzuia.

Motari, dereva wa pikipiki, ameanguka, anataka nimrudishie mfupa.

Hapana. Mfupa si kazi yetu. Kiungo kilichopinda, kisichoweza kubeba uzito, kilichovimba saa ileile ya ajali, au kidole kilichopoteza hisia na kuwa baridi, vyote vinataka picha ya radiolojia kwanza. Funga kwa ubao na kitambaa kama unajua, kisichezecheze, umpeleke. Ninaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, na wapo wenye mikono mizuri. Lakini nimeona pia mkono wa mtoto uliofungwa kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeusi. Hata ajali ikiwa ndogo na mfupa ukiwa mzima, msuli uliochanika hausuguliwi siku mbili tatu za mwanzo, maana damu bado inavuja ndani yake.

Mwenye ugonjwa wa sukari anaruhusiwa masaji?

Anaruhusiwa, na wengi huwafaa. Tatizo ni miguu, na hapa inanibidi niseme kosa langu.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu wa kazi. Mama mmoja aliyeuza vitenge Kadutu alikuja jioni, amechoka kwa kusimama. Sikumuuliza kitu, nilimwona ni mtu wa nguvu. Nilichovya taulo kwenye maji ya moto, nikalikamua, nikalifunga kwenye nyayo zake. Nikamuuliza, "Mama, si moto sana?" Akasema, "Iko sawa mwanangu, hata sisikii joto." Nilifurahi, nikadhani maana yake ni kwamba anastarehe. Alikuwa ananiambia ukweli wote na mimi sikuusikia. Sukari ilikuwa imekwisha kuua neva za nyayo zake, na hakuwa akisikia joto lolote. Kesho yake mwanawe alinipigia: lengelenge la ukubwa wa kifuniko cha chupa, chini ya kidole gumba. Kidonda kilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga. Nilimsindikiza kwenda kubadilisha bandeji kila baada ya siku mbili, na gharama nililipa. Hakuwahi kunikasirikia hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kwa hiyo: mwenye sukari, angalia nyayo zake kwanza, katikati ya vidole pia, kwa mwanga wa kutosha. Mguse kwa ncha ya kalamu akiwa amefumba macho, akuambie unagusa wapi. Asiposikia, hakuna maji ya moto, hakuna mawe ya moto, hakuna kubinya kwa kidole gumba. Kiganja tambarare tu, taratibu. Kidonda ukikiona, hata kidogo, mwambie na umtume kituo cha afya. Akianza kutoka jasho la baridi, kutetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, huenda sukari imeshuka: kama bado anaweza kumeza, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari mara moja, kisha uite msaada.

Presha ikiwa ngapi nisimkande?

Ikifika 180 juu, au 120 chini, usimkande. Mketishe, mpime tena baada ya dakika chache, na ikibaki hapo apelekwe kwa daktari. Kama kichwa kinampasuka, kifua kinauma au macho yanaona giza, usisubiri hata hizo dakika. Chini ya hapo, mwenye presha anayekunywa dawa zake vizuri anaweza kukandwa kwa upole. Muda wa kumwinua ndio wa kuangalia. Masaji na dawa vyote viwili hushusha presha, kwa hiyo akisimama ghafla ataanguka. Aketi pembeni mwa kitanda, miguu ikining'inia, mpaka dunia itulie.

Mwenye mimba je? Mabibi zetu si walikanda matumbo?

Walikanda, na wengine bado wanakanda, wakisema wanamgeuza mtoto au wanamrudisha mahali pake. Mimi sikandi tumbo la mimba na simruhusu mwanafunzi wangu yeyote. Ukisukuma kwa nguvu, kondo la nyuma linaweza kubanduka kutoka ukutani mwa mfuko wa uzazi, damu ikamwagika ndani, mama na mtoto wote wakawa hatarini. Mtoto aliyelala vibaya ana wataalamu wake, wanaojua kumgeuza hospitalini huku wakisikiliza moyo wake na chumba cha upasuaji kikiwa tayari.

Lakini mgongo wa mwenye mimba, mabega na shingo vinachoka kweli, na hapo mikono yetu ina faida. Mlaze kwa ubavu, wa kushoto ukiwa bora, mto kati ya magoti na mwingine chini ya tumbo. Baada ya wiki 20 asilale chali muda mrefu, kwa sababu mfuko wa uzazi unakalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na atasikia kizunguzungu. Miguu ipapase tu. Damu ya mwenye mimba huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, na hali hiyo huendelea wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Na hili lishike: akija amevimba uso na mikono, kichwa kinauma na anaona nyota machoni, asipande kitandani kwako. Hiyo ni presha ya mimba, na inaweza kumletea degedege. Hospitali, siku hiyohiyo.

Aliyejifungua kwa upasuaji, kidonda hakiguswi mpaka daktari aseme kimepona ndani na nje. Ile desturi ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto tumboni, ninawaomba akina mama wakwe waiache kwa aliyepasuliwa. Najua inafanywa kwa upendo.

Mtu wa SS akiwa na maumivu?

Akiwa katikati ya maumivu makali, usimkande. Mfunike, mpe maji ya kunywa, umpeleke anapotibiwa. Siku za kawaida anaweza kupata masaji nyepesi katika chumba chenye joto. Barafu na kitambaa baridi ni marufuku kwake, kwa sababu baridi hubana mishipa na kuamsha maumivu. Muulize pia kuhusu nyonga na vidonda vya kifundo cha mguu. Nyonga ya mtu wa SS inaweza kuwa imeharibika ndani hata kama anatembea, kwa hiyo usiivute wala kuizungusha.

Shingo inaweza kuvunjwa ili ilie "ka"?

Usifanye hivyo kabisa. Najua vijana wanaitazama kwenye simu. Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa inayolisha ubongo, na kuisokota ghafla kunaweza kuichana. Mtu hupata kiharusi akiwa na umri wa miaka 30. Pembeni mwa koo pia, pale unaposikia mapigo, usibinye, na hasa usibinye pande zote mbili kwa pamoja, maana mteja anaweza kuzimia.

Bukavu shingo zina historia yake. Tazama akina mama wanaopandisha mizigo kutoka ziwani, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia limekaa mgongoni, na kilima kinaanza hapo hapo. Akilala kwangu mmoja wao, ninaona ngozi ya paji imekuwa ngumu na misuli ya nyuma ya shingo imesimama kama kamba mbili. Wanataka nguvu, na wanasema, "Binya, mimi si yai." Sikubali. Naanza kwenye mabega na kati ya mabawa ya mgongo, nusu saa nzima, na shingo naifikia mwisho kwa ncha za vidole. Kama mikono inakufa ganzi, anaangusha vikombe, au miguu imekuwa dhaifu, hapo siendelei. Huyo anahitaji daktari.

Na mgongo wenyewe, ni dalili gani zinanipasa nisimame?

Ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua, miguu kulegea: hospitali siku hiyohiyo, maana neva zinabanwa na kila saa ina thamani. Mgongo unaouma wiki nyingi, pamoja na jasho la usiku, kukonda na wakati mwingine kikohozi, fikiria kifua kikuu. Watu wengi hudhani kinakaa kwenye mapafu tu, kumbe hula na mifupa ya uti wa mgongo. Mfupa ulioliwa unaweza kuporomoka chini ya kiwiko chako. Mzee aliyeanguka kidogo tu na mgongo ukaanza kuuma, naye apigwe picha kwanza.

Mkono uwe mzito kiasi gani?

Mwambie mteja ahesabu kutoka 0 hadi 10, ambapo 10 ni maumivu asiyoweza kuvumilia. Mimi sipiti 5. Madoa meusi kesho yake ni dalili kwamba umepasua mishipa midogo, ingawa wapo wateja wanaoyaonyesha kwa fahari.

Ninaweza kumwambia mteja ana ugonjwa gani?

Huwezi, hata ukiwa na hakika moyoni. Kuna mkandaji aliyemwambia kijana mmoja kwamba disiki ya mgongo imetoka, bila picha, bila chochote. Kijana aliacha kazi ya uashi, akalala miezi minne akiogopa kuinama. Alipofika kwa kine, tabibu wa viungo aliyesomea, alionekana hana ugonjwa huo. Misuli yake ilikuwa imedhoofika kwa kulala.

Sema unachokisikia kwa vidole na uishie hapo: "Upande huu umekaza kuliko ule", "Hapa pana uvimbe ambao sikuuona mara ya mwisho, uonyeshe kwa daktari." Usimwambie aache dawa zake, usimpimie dawa, usimchome sindano hata ukiombwa na jirani anayekuita dokta. Ukiitwa dokta, rekebisha. Mimi husema, "Mimi ni mkandaji tu, Papa," kila mara.

Kuhusu kuvua nguo na kufunika?

Toka chumbani anapovua. Gonga kabla ya kurudi. Funua sehemu unayoikanda tu, ukimaliza ifunike ndipo ufunue nyingine. Matiti, kinena na sehemu za siri hazigusiki. Asiyetaka kuvua akandwe na nguo zake, tena kwenye kiti, na bei haibadiliki. Msichana au mvulana mdogo asikandwe bila mzazi kuwepo.

Uliza kabla ya kuhama: "Naweza kushuka mpaka kiunoni?" Na usitosheke na "ndiyo" ya mdomo. Watu wetu wamelelewa kumheshimu mwenye kazi, mama atasema ndiyo huku vidole vyake vimelishika shuka. Tazama vidole, sikiliza pumzi. Vikikataa, umekataliwa.

Mji huu umepitia vita vingi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa hapa mwaka 1999, imewapokea wanawake wengi sana waliobakwa, na daktari Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Maana yake kwetu wakandaji ni hii: hujui nani amelala mbele yako, na si haki yako kumuuliza. Wanaume nao wamo. Kwa hiyo mkande kila mtu kwa uangalifu uleule. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Usimjie kutoka nyuma kimyakimya, sema kwanza, "Sasa ninaweka mkono begani." Kulala kifudifudi kunaweza kumrudisha mtu mahali asipotaka kukumbuka, basi mpe nafasi ya kuchagua.

Akianza kulia, ondoa mikono taratibu, mfunike, keti anapoweza kukuona. Muulize: "Tupumzike, tuendelee, au tuache?" Kisha nyamaza mpaka ajibu. Ilinichukua miaka kujifunza kunyamaza hapo. Usimwambie asilie, usimhubirie, usimtafute mtu aliyemwonea. Akisema anataka msaada, mwelekeze kwa wanaojua kusikiliza majeraha ya namna hiyo, na kama atataka mtu wa kumsindikiza, msindikize.

Mteja akiomba "kitu kingine"?

Ondoa mikono, sema, "Masaji imeishia hapa, vaa nguo," utoke nje. Usicheke ili kupunguza aibu, atadhani unakubali. Ulichokikanda alipe. Harudi tena. Na mkandaji anayemtamani mteja wake amwelekeze kwa mwenzake siku hiyohiyo.

Tukiwa marafiki kuna ubaya?

Bukavu ni ndogo. Utakutana naye kanisani, sokoni, kwenye foleni ya maji. Salamu, ndiyo. Kumwuliza "mguu unaendeleaje?" mbele ya watu, hapana, maana labda mumewe hajui kama alikuja. Usiazime pesa kwa mteja wala usimkopeshe. Picha za mgongo wake usiziweke mtandaoni, hata uso usipoonekana. Kuna makovu ambayo kila mtu mtaani anamjua mwenyewe.

Usafi, hasa tangu mpox?

Aina mpya ya virusi vya mpox, ugonjwa ambao wengi wanauita ndui ya nyani, iligunduliwa Kamituga, mkoa wetu huu wa Kivu Kusini, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura. Ugonjwa huo hupita kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa shuka na taulo zilizotumiwa na mgonjwa. Tafakari kazi yetu ni nini! Mtu mwenye vipele vyenye maji, homa na tezi zilizovimba shingoni au kinenani asikandwe. Mwelekeze kituo cha afya bila kumtangaza. Wewe pia ukiwa na vipele, baki nyumbani.

Shuka moja, mtu mmoja. Sabuni na maji mpaka viwiko, sekunde 20 angalau, kabla na baada. Kucha fupi, pete na bangili mezani. Mafuta yamimine kwenye kibakuli, usichovye vidole kwenye chupa. Uliza kama anadhurika na karanga kabla ya kutumia mafuta yenye karanga.

Wateja wangapi kwa siku?

Watano kwangu, sita nikilazimika. Wa saba atakandwa na mikono isiyosikia kitu. Kitanda kikiwa chini mno mgongo wako utaisha mapema: simama wima, mikono ikining'inia, vifundo vya vidole vigusane na godoro.

Nimekosea. Nifanye nini?

Acha hapo hapo na umwambie. Ukiunguza, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala yai. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke. Andika kwenye fishi saa, ulichofanya, alichosema. Mpigie simu jioni, na kesho tena. Familia ikija na hasira, ipokee, usijitetee kabla hawajamaliza kusema. Kisha waambie wenzako, kwa sababu taulo langu la moto limewafundisha vijana wangu kuliko maneno yote ninayowaambia.

Nikikataa wateja, nitakula nini?

Swali hili ni la haki, nami siwezi kulijibu kama mtu aliyeshiba. Kumkataa mtu saa nne asubuhi kunaweza kuwa kukosa unga wa jioni. Mimi sidai kitu kwa niliyemkataa, ila namwandikia nafasi ya siku atakayoruhusiwa na daktari, saa na tarehe, na karatasi mkononi. Baadhi hurudi. Yule dereva wa lori alirudi baada ya miezi saba, na barua ya daktari mfukoni, akakandwa mabega tu.

Karatasi ya kumpeleka mtu hospitalini niandikeje?

Fupi, bila jina la ugonjwa. Hii ndiyo niliyompa yule dereva wa lori siku ile, naiweka kama ilivyo:

"Mwanamume, miaka 41, dereva. Amekuja leo saa tisa alasiri akilalamika shavu la mguu wa kushoto tangu jana. Ametoka safari ya siku mbili. Mguu wa kushoto umezidi wa kulia kwa sentimeta 4 chini ya goti, ni wa moto, unauma ukiguswa. Anapumua vizuri. Hana homa. Hajakandwa."